Kibaba cha Nyumbani, Kibaba cha Ugenini

Aliyewahi kununua mchele kwa kibaba anajua kwamba ugomvi wa sokoni mara nyingi hauhusu mchele. Unahusu kibaba. Cha muuzaji kimebonyea kidogo ubavuni. Mnunuzi mjanja ametoka na chake nyumbani, amekificha kapuni. Gunia ni lilelile, punje ni zilezile, lakini kila mmoja akipima anapata jibu lake, na kila mmoja ana yakini kwamba mwenzake ni mwizi.

Ugomvi huo hunijia akilini kila mwaka kuanzia Januari hadi Machi, majira ambayo mashirika ya televisheni ya Ulaya huchagua wimbo mmojammoja wa kupeleka Eurovision. Nimeyafuatilia mashindano hayo kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya marafiki zangu wa rumba. Kilichonishika si fainali ya mwezi Mei, yenye moshi na fataki zake. Ni kinachotangulia: namna taifa zima linavyokaa chini kuamua ni sauti ya nani itakayoitwa yake.

Mwaka 2011 methali ya kibaba, haba na haba hujaza kibaba, ilipanda jukwaani yenyewe. Stella Mwangi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1986 na kuhamia Norwei na familia yake mwaka 1991, aliiwakilisha nchi iliyomlea kwa wimbo "Haba Haba", uliochanganya Kiingereza na Kiswahili na kujengwa juu ya wosia wa bibi kwa mjukuu wake. Ilikuwa mara ya kwanza Kiswahili kuimbwa katika mashindano yaliyoanza mwaka 1956. Tarehe 12 Februari, katika ukumbi wa Oslo Spektrum, watazamaji wa Norwei walimchagua kwa kura zao. Tarehe 10 Mei, mjini Düsseldorf, Ulaya ikatoa kibaba chake kapuni: nafasi ya 17 kati ya nyimbo 19 za nusu fainali ya kwanza, pointi 30, na safari ikaishia hapo.

Je, Norwei ilikosea? Jibu la haraka ni ndiyo: umetuma mtu, hakufika, basi ulituma asiyefaa. Kwa hoja hiyo, njia bora ya kuchagua wimbo ni ile inayoleta kombe. Mimi naipima njia kwa siku ya kushindwa. Asubuhi ya pili, msanii aliyerudi mikono mitupu anapopita barabarani, waliobaki nyumbani husema "wetu" au husema "wao"? Njia iliyomleta ndiyo inayoamua neno hilo kabla hata hajapanda ndege.

Anayetuma ni nani

Tuanze na jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Katika Eurovision nchi haishindani na nchi. Washindani ni mashirika ya utangazaji ambayo ni wanachama wa umoja wao, EBU. Norwei huenda kwa jina la NRK, Uswidi kwa jina la SVT, Italia kwa jina la RAI, Uingereza kwa jina la BBC. Sheria za umoja zinabana sana kuhusu wimbo wenyewe: usizidi dakika 3, jukwaani wasizidi watu 6, mwimbaji awe ametimiza umri wa miaka 16, wimbo usiwe umeuzwa sokoni kabla ya Septemba ya mwaka uliotangulia. Tangu mwaka 1999 kila mmoja anaimba kwa lugha aitakayo. Lakini kuhusu namna ya kuupata wimbo huo, sheria zimenyamaza. Shirika likitaka liulize taifa zima. Likitaka lifunge mlango, watu watano waamue juu ya kahawa.

Ukimya huo ndio uliozaa maabara kubwa ya uchaguzi kuliko zote ninazozijua katika muziki. Kila mwaka nchi zaidi ya thelathini zinajaribu majibu tofauti ya swali moja: nani ana haki ya kusema kwa niaba yetu? Wengine wanatumia kura za simu pekee. Wengine wanachanganya simu na majaji. Wengine wanaalika majaji kutoka nje. Wengine wanateua msanii na kulitangazia taifa, kama baba anayerudi nyumbani na mchumba aliyemchagulia mwanawe.

Norwei ni mfano mzuri kwa sababu haikuacha kuuliza. Mchujo wake, Melodi Grand Prix, ulianza mwaka 1960 na umefanyika karibu kila mwaka tangu hapo. Na ni mfano mzuri kwa sababu nyingine isiyo ya fahari: hakuna nchi iliyoshika mkia katika Eurovision mara nyingi kuliko Norwei. Imekuwa ya mwisho katika fainali mara 12. Ukitaka kujua watu wanavyoishi na kushindwa, waulize waliozoea.

Sufuri iliyopendwa

Mwaka 1978 Jahn Teigen alikwenda Paris na wimbo "Mil etter mil", yaani maili baada ya maili. Akaruka jukwaani huku akivuta mikanda ya suruali mabegani, akamaliza, akasubiri. Hakuna nchi hata moja iliyompa pointi. Mfumo wa kila nchi kutoa hadi pointi 12 ulikuwa umeanza mwaka 1975, na yeye ndiye wa kwanza kutoka chini ya mfumo huo na sufuri kamili.

Kwa mantiki ya kombe, huyo alipaswa kufungiwa kabatini. Kilichotokea ni kinyume chake. Wimbo ukapendwa nyumbani, sufuri yake ikawa sehemu ya utani wa taifa, na Wanorwei wakamtuma tena mwaka 1982, kisha tena mwaka 1983, safari hiyo akashika nafasi ya 9. Hadi alipofariki mwaka 2020 alikuwa mmoja wa watu waliopendwa zaidi katika muziki wa nchi hiyo. Ulaya ilimpima ikaona kibaba kitupu. Nyumbani walikuwa wameshakijaza.

Miaka miwili baada ya sufuri hiyo, Norwei ilifanya uchaguzi ambao hadi leo nauona kuwa wa maana kuliko ushindi wake wote. Mwaka 1979 Wasami, wenyeji wa kaskazini, walikuwa wamegoma kula mbele ya Bunge mjini Oslo kupinga bwawa la umeme katika mto Alta. Mwaka 1980 Melodi Grand Prix ikanyakuliwa na wimbo "Sámiid Ædnan", yaani nchi ya Wasami. Sverre Kjelsberg aliimba maneno yaliyogusa mgomo ule, na Mattis Hætta, Msami, akaingia na joik, uimbaji wa jadi ambao wamisionari na walimu walikuwa wameupiga vita kwa vizazi. Serikali ilikuwa inavutana na watu hao. Watazamaji nao wakaona sauti ya Wasami ikitumwa The Hague kama sauti ya Norwei. Ilishika nafasi ya 16 kati ya 19.

Jioni hiyohiyo, katika ukumbi huohuo, Samira Bensaid aliimba kwa Kiarabu kwa niaba ya Moroko, nchi pekee ya Afrika iliyowahi kushiriki. Moroko ikawa ya 18, ikakunja virago, haijarudi. Norwei nayo ilikuwa imeangushwa, ila ilirudi mwaka uliofuata kama kawaida, na mwaka 1989 Wasami wakafungua bunge lao. Sidai kwamba wimbo ulileta bunge. Nasema tu kwamba swali la "sisi ni nani" liliulizwa sebuleni, mbele ya televisheni, miaka tisa kabla ya kupata jibu la kisheria.

Kura ni kutuza

Wanaotetea kura za simu husema kwamba huo ndio uamuzi wa watu wote. Hapo lazima niwe mkali kidogo, maana sisi wa pwani tuna elimu ya zamani kuhusu jambo hili. Nenda kwenye taarabu. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomchoma mtu, mama mmoja huinuka, hutembea taratibu hadi mbele, huweka noti. Hurudi, hukaa, huinuka tena. Kufikia mwisho wa wimbo ametuza mara saba. Walio ukumbini ni mia tatu, na wengi wao hawakuinuka hata mara moja. Ukizihesabu noti, utajua ni wimbo gani uliowasha moto. Hutajua ni wimbo gani uliopendwa na wengi.

Kura ya simu ni kutuza. Katika Eurovision kwenyewe, kwa miaka mingi mtazamaji mmoja aliruhusiwa kupiga kura hadi mara 20. Mwaka 2009 Alexander Rybak, aliyezaliwa Belarusi na kukulia Norwei, alipita katika mchujo wa nyumbani kwa zaidi ya kura 700,000, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni 5. Si kila Mnorwei wa saba aliyeshika simu. Ni kwamba waliompenda walimpenda mara nyingi. Moto huo ulivuka mpaka. Mjini Moscow alipata pointi 387, idadi ambayo ilikuwa haijawahi kufikiwa.

Sasa weka mwaka 2009 na mwaka 2011 mezani, pamoja. Nchi ni moja, shirika ni moja, na waliokuwa na simu mkononi ni walewale. Waliochaguliwa wote wawili walizaliwa nje na kukulia Norwei. Mmoja akarudi na rekodi, mwenzake hakuvuka nusu fainali. Anayesema kwamba kura za wananchi huleta ushindi aeleze mwaka 2011. Anayesema kwamba huleta aibu aeleze mwaka 2009. Njia ya kuchagua haitabiri matokeo, kwa sababu wanaochagua siyo watakaohukumu. Na hilo ni sheria: huwezi kuipigia kura nchi yako mwenyewe. Unachagua mwali kwa macho yako, halafu kijiji cha jirani kinaulizwa kama ni mzuri.

Moto wa kutuza una kasoro nyingine: unahitaji simu zifanye kazi. Februari 2020, katika fainali ya Melodi Grand Prix mjini Trondheim, mfumo wa kura wa mtandaoni ulikwama katika raundi ya kwanza. NRK ilikuwa na jopo la akiba la watu 30, na jopo hilo ndilo lililochagua nyimbo nne za kuendelea. Raundi zilizofuata simu zilirudi na Ulrikke Brandstorp akatangazwa mshindi, lakini watu hawakuzungumza habari za wimbo wake. Walizungumza habari za wale 30. Ni nani hao? Nani aliwapa mamlaka? Hakuna aliyethibitisha kwamba walichagua vibaya. Kosa lao lilikuwa kuwa 30. Kisha Uviko ikafuta Eurovision ya mwaka huo. Mataifa kadhaa yakawabakiza wasanii wao kwa mwaka 2021 bila kuuliza tena. Norwei ikaandaa mchujo mpya kuanzia mwanzo. Ulrikke alirudi kwenye mchujo mwaka 2023, akashika nafasi ya pili.

Kibaba cha mnunuzi

Uswidi ilitafuta dawa ya tatizo hili kwa akili ya kibiashara. Mchujo wake, Melodifestivalen, tangu mwaka 2002 huzunguka mji hadi mji kwa wiki kadhaa za Jumamosi, na fainali yake imekuwa ikitazamwa na zaidi ya watu milioni 3 katika nchi ya takriban milioni 10. Lakini Waswidi walitambua kwamba kura za nyumbani hupima kwa kibaba cha nyumbani. Kuanzia mwaka 2011 wakawapa majaji wa nje, kutoka mataifa mbalimbali, nusu ya uzito katika fainali. Kwa maneno mengine, walikwenda kwa mnunuzi, wakaazima kibaba chake, wakarudi kupimia nyumbani kabla ya kupakia gunia.

Matokeo yanasema. Loreen alishinda Ulaya mwaka 2012 na tena mwaka 2023. Måns Zelmerlöw mwaka 2015. Kwa ushindi mara 7 Uswidi iko sawa na Ireland kileleni. Lakini kibaba cha kuazima kina gharama yake. Ukipima kila mwaka kwa jicho la mgeni, unaanza kuimba kama mgeni anavyotarajia. Tangu lugha ilipoachwa huru, Uswidi ilipeleka Kiingereza, mwaka baada ya mwaka, nyimbo zilizong'arishwa hadi husikii zimetoka wapi.

Halafu ikaja Machi 2025. Kundi la KAJ, wanaume watatu wenye ucheshi, liliimba kwa Kiswidi cha kijijini kwao wimbo kuhusu sauna, likambwaga Zelmerlöw mwenyewe aliyekuwa amerudi kutafuta tiketi. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Kiswidi kuiwakilisha Uswidi tangu mwaka 1998. Na utamu wa kisa uko hapa: hao vijana si raia wa kutoka Stockholm wala Malmö. Ni Wafini wa jamii inayozungumza Kiswidi, kutoka Vörå. Taifa lilipoamua hatimaye kuimba kwa lugha yake, lilikwenda kuazima mdomo wa jirani. Mjini Basel walishika nafasi ya 4, ilhali wachezaji kamari walikuwa wamewapa kombe. Sikusikia Mswidi aliyesema walitumwa watu wasiofaa.

Norwei nayo ilifuata njia hiyo. Mwaka 2023 ilialika majaji wa nje, na Alessandra akashika nafasi ya 5 Ulaya. Mwaka uliofuata kundi la Gåte, lenye ngoma nzito na hadithi za kale, likawa la mwisho, la 25, mjini Malmö. Kibaba cha kuazima hakina uhakika pia.

Majaji na wenye nchi

Mchanganyiko wa majaji na simu unaonekana kuwa suluhu ya hekima, mpaka siku pande hizo mbili zinapotofautiana hadharani. Italia ilipata siku hiyo mwaka 2019. Tamasha la Sanremo, lililoanza mwaka 1951 na kuwa kielelezo kilichowapa waanzilishi wa Eurovision wazo lao, lilibaki na wasanii watatu usiku wa mwisho. Katika kura za simu Ultimo alikuwa na zaidi ya asilimia 46. Mahmood, kijana wa Milano ambaye baba yake ni Mmisri, alikuwa na karibu 14. Waandishi wa habari na jopo la heshima walimpandisha Mahmood, akashinda. Naibu mawaziri wakuu wawili wa wakati huo wakaingilia: Matteo Salvini akasema yeye angempa Ultimo, na Luigi Di Maio akalalamika kwamba wateule wachache wamewapita wananchi. Wimbo wa pop ukageuka mjadala wa nani Mwitaliano. Mahmood akaenda Tel Aviv na kurudi wa pili.

Hispania ilipata yake mwaka 2022, katika Benidorm Fest. Kundi la Tanxugueiras, wanawake watatu wanaoimba kwa Kigalicia, walizoa zaidi ya asilimia 70 ya kura za simu. Lakini simu zilikuwa na robo tu ya uzito. Robo nyingine ilikuwa ya sampuli ya wananchi na nusu ya majaji. Akashinda Chanel, mzaliwa wa Havana, aliyekuwa na chini ya asilimia 5 ya simu. Vyama vya siasa vikapeleka maswali bungeni, na matusi dhidi ya Chanel yalizidi hadi akafunga akaunti yake ya Twitter. Mei akashika nafasi ya 3 kwa pointi 459, nafasi bora ya Hispania tangu mwaka 1995, na waliomtukana wakampokea kwa shangwe.

Wengi huichukulia hadithi ya Chanel kuwa ushindi wa majaji. Mimi naiona kama bahati iliyookoa mfumo mbovu. Tujiulize kinyume chake: angeshika nafasi ya 17, nani angesimama naye? Si waliompigia simu, walikuwa wachache. Si shirika, lilikuwa limeshutumiwa. Angekuwa peke yake kabisa, binti mmoja akilipia hesabu ya asilimia ambayo hakuiandika yeye. Stella Mwangi, aliyeshika nafasi hiyohiyo ya 17 katika nusu fainali yake, hakuwa peke yake. Nyuma yake ilikuwepo nchi iliyokuwa imempigia simu. Huo ndio ulinzi ambao njia nzuri humpa msanii, na hauonekani kwenye ubao wa matokeo.

Chumba kilichofungwa

Uingereza imejaribu njia zote mbili, na zote zimeiumiza. Kuanzia mwaka 2016 hadi 2019 BBC iliwauliza watazamaji. Mwaka 2019 Michael Rice, waliyemchagua, akawa wa mwisho. BBC ikafunga mlango na kuanza kuteua. Mwaka 2021 James Newman akapata sufuri kwa majaji na sufuri kwa watazamaji wa Ulaya. Mwaka 2022 mlango uleule uliofungwa ukamtoa Sam Ryder, akawa wa pili kwa pointi 466, na mwaka 2023 ukamtoa Mae Muller, akawa wa 25. Hesabu hiyo haithibitishi kitu kuhusu kombe. Inathibitisha kitu kuhusu lugha: Rice alipoanguka, watu walijicheka wenyewe, Newman alipoanguka, waliiuliza BBC inafanya nini na fedha zao za ada. Lawama hufuata ufunguo wa mlango.

Ukraine ni kisa cha aina yake. Februari 2022 Alina Pash alishinda mchujo kwa jumla ya majaji na simu, ingawa simu zilikuwa zimewapa Kalush Orchestra ushindi. Siku chache baadaye akajitoa, kwa ubishi kuhusu nyaraka za safari yake ya Krimea ya mwaka 2015. Kalush wakapewa nafasi tarehe 22 Februari. Tarehe 24 vita kamili vikaanza. Mei, mjini Turin, walishinda kwa pointi 631, kati yake 439 za watazamaji. Hapo aliyeamua kwanza hakuwa majaji wala simu. Ilikuwa ramani.

Afrika Mashariki hatuna Eurovision, ila tunaijua ladha yake. Wakati wa Tusker Project Fame, shindano la kuimba la televisheni lililoanza mwaka 2006, mitaa ya Nairobi, Kampala na Kigali ilijua namba za meseji kwa moyo. Wengi tuliamini kwamba nchi yenye simu nyingi ndiyo itakayoshinda daima. Mwaka 2009 alishinda Alpha Rwirangira wa Rwanda, na mwaka 2013 Hope Irakoze wa Burundi, nchi mbili ndogo kuliko zote zilizoshiriki. Kwenye kutuza, wingi wa watu si kitu kama wengi wamekaa. Kinachohesabiwa ni wanaoinuka.

Haba ya pili

Basi turudi kwa Stella Mwangi. Baada ya Düsseldorf Wanorwei hawakumficha. Mwaka 2018 alirudi kwenye Melodi Grand Prix, safari hii akiimba pamoja na msichana aitwaye Alexandra Rotan. Hawakushinda. Mwaka mmoja baadaye Rotan alisimama tena kwenye jukwaa hilohilo, sasa katika kundi la KEiiNO, pembeni mwa Tom Hugo na Fred Buljo, Msami anayechana na kuimba joik. Wakashinda mchujo. Mjini Tel Aviv majaji wa Ulaya waliwapa pointi 40 tu, wakawaacha nyuma sana kwenye msururu. Kisha zikasomwa kura za watazamaji: 291, nyingi kuliko za nchi yoyote usiku huo. Jumla yao ikawapa nafasi ya 6.

Joik ile iliyoangushwa The Hague mwaka 1980 ilikuwa imerudi baada ya miaka 39, ikapigiwa simu na Ulaya nzima. Katikati ya safari hizo mbili kuna binti wa Nairobi aliyetumwa na nchi yake mpya kuimba wosia wa bibi kwa lugha ya bibi. Ukizisoma moja moja ni orodha ya kushindwa: ya 16, ya 17, ya 6. Zikiwekwa pamoja, ni nchi inayojitanua polepole kila mwaka, ikiongeza sauti moja zaidi kwenye orodha ya zile inazoziita zake, bila kusubiri jirani akubali.

Kibaba, kwa vipimo vya zamani, ni robo ya pishi. Hakuna aliyewahi kushiba kwa kibaba kimoja, wala mwuza duka hakutajirika kwa kukipunja mara moja. Kinachohesabiwa ni nani anayeshika kibaba, na kama waliozunguka gunia wanamwona anavyopima.